Chura wa Mnyunyo Dhidi ya Sheshe

Karatasi ya ulinganisho ina safu mbili na mistari tisa. Mtu mwenye haraka anaweza kuijaza kabla chai yake haijapoa. Mimi, mwainishaji wa idara, sikuwahi kuwa na haraka nayo. Tangu Sheria ya Jozi ianze kazi, miaka kumi na mmoja sasa, kila kiangazi naijaza polepole kama mtu anayeandika wosia wa mwenziwe. Maji ya bwawa la juu hayatoshi tena viumbe wote, na sheria inasema wawekwe wawili wawili, mmoja apewe, mwingine aachwe.

Mwaka huo upande wa kushoto waliniletea chura wa mnyunyo. Upande wa kulia, sheshe.

Nikaanza. Himaya: Wanyama, na Wanyama. Faila: wote wawili wana uti wa mgongo. Udugu wao uliishia hapo. Ngeli: Amfibia huku, Mamalia kule. Oda: vyura, na wenye kwato zilizopasuka katikati. Mmoja unamlaza juu ya sarafu na nafasi inabaki. Mwingine anakufika kiunoni, ana pembe, na ana rangi ya nyasi zilizokauka. Jike wa chura huyu hatagi mayai kama vyura wengine. Anazaa, na mimba yake unaiona kwa nje, watoto wamepangana ndani ya tumbo lililo jembamba kama nailoni. Jike wa sheshe anazaa mmoja tu, anamficha kwenye matete na kumrudia kumnyonyesha.

Makazi. Chura: korongo la Mkasu, eneo la viwanja viwili vya mpira, lenye kulowa usiku na mchana, zamani kwa maporomoko, sasa kwa mabomba. Kwingine duniani hayupo. Sheshe: mbuga ya mafuriko ya Kilombero, au niseme kipande kilichobaki baada ya miwa kuchukua chake. Hali ya uhifadhi: hatarini mno, na hatarini mno. Idadi: sitini na wawili, na sitini na wanne.

Bwana Ladislaus Ngoda, mkuu wa idara yetu hapa Ifakara, alichungulia begani kwangu. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano, na ananiita dada pale anapotaka kitu kiishe upesi.

"Dada Eme, hii mbona nyepesi. Chura anampiga sheshe kila mstari."

Alikuwa sahihi. Mzani, ile mashine iliyofungiwa chumba cha pili, inauliza mambo matatu tu. Kiumbe huyu ana ndugu wangapi katika uainishaji? Ana pengine pa kuishi? Wamebaki wangapi? Mpweke zaidi ndiye hupewa maji, ila wakiwa chini ya hamsini Mzani unaandika "haiokoleki" na jalada linafungwa. Siku ya kuuzindua walituambia hauna huruma wala upendeleo, tukapiga makofi kama wendawazimu.

"Chura wako atakuwa ameshinda mara ya nne mfululizo," alisema Ladislaus. "Utamlea mpaka astaafu."

Nikacheka, maana kweli nilimwona ni wangu. Miaka mitatu iliyopita, chura huyo alishindanishwa na ndege mmoja wa mianzi, akashinda. Mwaka uliofuata akamshinda samaki wa mto Mnyera. Mwaka jana akaushinda mti wa mlimani uliobaki mashina tisini. Majalada yao yote matatu yalifungwa kwa saini yangu. Nililia kwa ule mti, sikatai, lakini niliamini hesabu.

Na hesabu yenyewe niliitunga mimi. Nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuoni na kiburi changu chote, niliandika kitabu cha kuhesabia chura wa mnyunyo. Dume huimba, jike si kwamba hunyamaza tu bali pia hujificha chini ya majani yaliyoota kwenye mawe, na ukimtafuta kwa mikono unamponda. Kwa hiyo usimtafute. Hesabu sauti za madume, kisha zidisha kwa mbili: kila sauti na mwenzake. Kitabu kilisifiwa. Kinatumika hadi leo, na hesabu zote za Mzani kuhusu chura zimesimama juu ya ukurasa wangu wa saba.

"Nenda ukawaone kwa macho kama sheria inavyotaka," alisema Ladislaus, "urudi usaini. Mzani usome Ijumaa."

*

Nilianzia mbugani kwa sababu ni karibu. Mhesabuji wa sheshe anaitwa Fulgensi Likwama, askari wa wanyamapori mwenye kicheko kikubwa na viatu vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Tulilala kifudifudi kwenye ukingo wa mfereji mkavu. Mbele yetu kulikuwa na tope, na katikati ya tope kidimbwi cha kuogea bata, na kuzunguka kidimbwi hicho sheshe wote waliosalia duniani.

Fulgensi alihesabu kwa kugusisha kidole gumba kwenye viungo vya vidole. Sitini na wanne. Mimi pia nilipata sitini na wanne, wakubwa.

"Na wale wadogo?" niliuliza.

"Wepi?"

"Fulgensi, usinifanye kipofu. Wale pale, chini ya mama zao."

Akajikuna shingo. "Wale bado, mama. Kituo chetu hakihesabu ndama mpaka aone masika mawili. Mkuu wetu wa kwanza aliwahesabu ndama thelathini akawaandika kwa wino mwekundu, wiki ile ile wakaisha. Tangu hapo mwiko. Hata kwa redio hatuwataji."

"Kwa hiyo kwenye karatasi yangu hawapo."

"Kwenye karatasi hawapo. Lakini si unawaona?"

Niliwaona. Niliwahesabu kimya kimya ili nisimtie hofu: arobaini na mmoja. Ndama mmoja alikuwa amepiga magoti akinyonya tope, akitema, akinyonya tena. Mama yake alisimama kando akimtazama tu.

"Maji yasipofunguliwa mwezi huu," alisema Fulgensi, na sasa hakuwa anacheka, "hao ndio wa kwanza. Halafu mama zao, maana hawaondoki walipomzika mtu wao. Nimeshawaona."

Nilipaswa kuandika mia moja na watano. Nikaandika sitini na wanne kama kitabu chake kinavyosema, nikijiambia haina maana tena, chura atashinda vyovyote iwavyo. Nilimpa mkono Fulgensi bila kumtazama usoni.

*

Kupanda Mkasu huchukua saa tatu. Juu kule utasikia mabomba kabla hujayaona, sauti kama mvua inayonyesha sehemu moja tu, na ukikaribia unasikia vyura. Sauti yao ni ndogo, kali, kama mtu anayegonga ukingo wa bilauri kwa kijiko.

Mama Gaudensia Mponda alikuwa kwenye ngazi ya chuma akisafisha midomo ya mabomba. Ana miaka sitini na mitatu. Nilimkuta kijijini chini ya korongo miaka ishirini na mitano iliyopita, mjane mwenye shamba la ndizi, nikamfundisha kuhesabu kwa siku mbili, akabaki huko huko. Kibanda chake kina godoro, jiko la mkaa, sanamu ndogo ya Bikira Maria, na madaftari. Mapafu yake yameharibika kwa unyevu. Idara ilimpa cheti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda hivyo! Au huko mjini mnashindia karanga?" Alishuka akikohoa, akanishika mkono akauacha ndani ya wake. "Sikiliza wanavyoimba. Mwaka huu wameniamulia. Asubuhi mpaka jioni, hata rozari nasali kwa kupaza sauti ndipo nijisikie."

Nilisikiliza nikiwa na tabasamu. Halafu tabasamu likaniishia usoni.

Dume wa chura wa mnyunyo huimba akimwita jike. Akimpata hunyamaza, wakati mwingine kwa wiki nzima. Korongo lenye afya huimba kwa zamu: upande huu kimya, upande ule kelele. Nimeliandika mwenyewe hilo, ukurasa wa nne. Siku ile waliimba wote, kila upande, bila kupumzika.

"Wanaimba hivi tangu lini?"

"Muda sasa. Mwaka? Miwili? Wana furaha, Eme. Wameshinda mara tatu, si mchezo."

Nilitoa kipimajoto mfukoni nikakichovya kwenye maji yaliyokuwa yakitoka bombani. Nyuzi ishirini na tatu. Maporomoko ya zamani yalikuwa kumi na nane.

"Mama, lile tangi la chuma linalopigwa na jua kule juu waliliweka mwaka gani?"

"Lile? Miaka mitano. La saruji lilipasuka. Mbona?"

Chuoni nilisoma juu ya vyura wa nchi za mbali ambao joto la maji huamua mtoto awe dume au jike. Maji yakiwa ya vuguvugu, watoto wote huwa madume. Nilikariri kwa ajili ya mtihani. Haikuwahi kunipitia akilini kwamba na huyu wetu huenda akawa hivyo, maana hakuna aliyewahi kumpasha moto. Na chura wa mnyunyo haishi zaidi ya miaka minne.

"Leo tutawatafuta kwa mikono," nikasema.

Mama Gaudensia alinikazia macho. "Wewe ndiye uliyenikataza."

"Ndiyo. Leo nakuruhusu."

Tulilala juu ya mawe tukafunua majani kwa vidole, jani kwa jani, maji yakitupiga mgongoni. Sauti zilikuwa thelathini na moja. Hadi alasiri tulikuwa tumewashika ishirini na tisa, tumewageuza na kuwarudisha. Dume ana doa jeusi ubavuni. Jike hana doa, na tumbo lake ni kioo. Ishirini na tisa walikuwa na doa. Kila shimo tulilofunua, kila mpasuko, kila uvungu wa jani, ama dume ama hakuna kitu. Wala hatukuona mtoto, na watoto wa chura huyu ni wengi, wadogo kama punje za mchele, zamani ulikuwa ukiogopa kukanyaga.

"Mara ya mwisho kumwona mwenye mimba ni lini, mama?"

Alijifuta maji usoni. "Kabla ya yule ndege. Yule mliyemwekea pambano la kwanza."

"Miaka minne basi."

"Majike wana haya," alisema upesi. "Hawaimbi, hawaonekani. Uhesabu sauti na mwenzake. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Ndivyo."

"Basi wapo."

Niliingia bandani nikafungua madaftari yake. Mwandiko wake ni wa mtu aliyejifunza ukubwani, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye mstari wa shule. Mia moja na kumi na wanane. Mia moja na wanne. Tisini na sita. Themanini. Sitini na wawili. Zote shufwa. Miaka ishirini na mitano hesabu ya chura wale haikuwahi kuwa witiri hata siku moja, na hakuna mtu yeyote ofisini, mwenye digrii au asiye nayo, aliyeshtuka. Nusu ya kila namba ilikuwa kitabu changu kikizungumza peke yake.

Mama Gaudensia alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Mama, hakuna wenzao," nikamwambia.

"Usiseme hivyo."

"Wamebaki thelathini na mmoja, na wote ni madume."

"Kila jioni nimeandika," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ya kumzika mama yangu nilirudi mbio nikaja kuandika. Unaniambia nilikuwa naandika hewa?"

Nilitakiwa kusema: siyo wewe, ni mimi, ulifanya nilivyokuambia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake niliomba chai, akanipikia, tukanywa tukiwasikiliza wakiimba. Nilishuka kabla ya magharibi.

*

Ladislaus alikuwa anakula mihogo ya kuchemsha mezani kwake nilipofunga mlango nyuma yangu.

"Nataka kukuuliza kitu cha kufikirika," nilisema.

Akaacha kutafuna. Si mjinga yule, hata kidogo. "Uliza kwa kufikirika."

"Idadi ya upande mmoja ikigundulika ni ya uongo?"

"Inategemea uongo ni wa nani. Kosa la ofisi, kitabu, njia ya kuhesabu, mwainishaji, linafuta jozi nzima. Hakuna anayeshinda, maji yanakwenda kwa wa tatu." Alielekeza kidole dirishani. Hakuhitaji kusema. Baada ya mji ni miwa, mpaka macho yachoke. "Kosa la mhesabuji linafuta upande wake tu. Upande wa pili unapewa maji siku hiyo hiyo."

"Na mhesabuji mwenyewe?"

"Aliyepika idadi? Anakwenda ndani. Na anabeba majalada yote yaliyofungwa kwa idadi zake. Kila jalada miaka mitatu." Alisukuma sahani. "Dada Eme, sitaki kujua unachokijua. Nikikijua, mimi nami ni ofisi."

"Na mwainishaji akisema alihesabu yeye mwenyewe, kosa ni lake binafsi?"

"Mwainishaji hana binafsi. Ndiyo maana mshahara wako ni mzuri."

Nilirudi mezani kwangu nikaitazama karatasi. Kuna watu watakaosema ningeweza kufanya hivi au vile. Waje wakae kwenye kile kiti. Nikiacha sitini na wawili, vyura madume watapewa maji, waimbe mwaka mmoja au miwili wakimwita asiyekuwepo, kisha wafe mmoja mmoja. Na sheshe sitini na wanne, pamoja na arobaini na mmoja ambao hakuna anayethubutu kuwataja, watakufa ndani ya mwezi. Nikisema kweli, kwamba njia yenyewe ni mbovu na niliibuni mimi, jozi inafutwa, miwa inakunywa, wanakufa wote. Na ndama wa Fulgensi wangejitokeza kwenye uchunguzi, hesabu ya pili ya uongo, kama vile ya kwanza haikutosha.

Ilibaki njia moja. Ilikuwa na jina na kikohozi.

Nilifikiria kupanda tena Mkasu nikamweleze, nimwombe. Sikupanda. Niliogopa atakataa, hilo ni kweli. Lakini zaidi niliogopa angekubali.

Na nikisema nilifanya kwa ajili ya sheshe peke yao, nitakuwa mwongo mara ya pili. Ndege, samaki na mti walikufa kwa ukurasa wangu wa saba. Nilipowaza kwamba wangeandikwa kwa jina la mtu mwingine, kuna mahali ndani yangu palipumua. Najichukia kwa pumzi ile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Nilifungua nakala ya kitabu kwenye kompyuta, nakala inayotumiwa na Mzani na baraza. Chini ya maneno "kila sauti na mwenzake" niliongeza sentensi moja: "Kila baada ya miezi sita, mhesabuji ahakikishe majike kwa macho na aandike idadi yao kando." Nikairudisha tarehe ya ukurasa nyuma, kazi ya dakika moja kwa mwenye nywila. Kisha nikaandika kwenye karatasi ya ulinganisho: chura wa mnyunyo, thelathini na mmoja, madume wote. Sababu ya tofauti: mhesabuji alipika idadi.

Nikatia saini, kwa mwandiko ule ule wa kila mwaka. Ningependa kusema ulipinda.

Ijumaa saa nne Mzani ulisoma. Upande wa kushoto: haiokoleki. Upande wa kulia: apewe. Jumamosi askari wawili walipanda kumteremsha Mama Gaudensia. Walisema hakuwapa tabu, ila aliwachelewesha kwa sababu alitaka kwanza amalize kusafisha mabomba.

*

Sheria inamtaka mwainishaji afunge koki mwenyewe. Nadhani waliiweka ili tuwe na adabu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Mkasu na fundi mmoja wa idara. Koki ni gurudumu la chuma, mizunguko kumi na minne. Niliizungusha. Mnyunyo ulipungua, ukawa matone, ukaacha. Nilidhani vyura watanyamaza papo hapo. Hawakunyamaza. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na sauti ya maji nyuma yao, nikawasikia wazi, kila mmoja mahali pake, wakiita kwa nguvu kama walivyoita kwa miaka yote hiyo. Jua lilipopanda mawe yakaanza kutoa mvuke. Saa tano walikuwa kumi hivi. Saa sita na nusu alibaki mmoja, upande wa juu karibu na ngazi. Fundi alisema twende. Nikamwambia asubiri. Kabla ya saa saba hakukuwa na cha kusubiri.

Nililia njia nzima ya kuteremka, na fundi wa watu akajifanya anatafuta mtandao kwenye simu.

Jioni hiyo lango la mbugani lilifunguliwa. Fulgensi alinitumia ujumbe wa sauti, kelele za maji nyuma yake, anacheka mpaka anapaliwa. "Mama, sitini na wanne, hajapungua mtu! Na wale wengine, sisemi kitu, lakini wapo! Wanaruka ruka humo majini! Njoo uone, mama!" Sijaenda kuwaona. Ameniita mara tano, na kila mara nina kikao.

*

Baraza lilikaa Alhamisi katika ukumbi wa halmashauri, feni tatu, mbili mbovu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mpole aliyezungumza taratibu, na upole wake uliniumiza zaidi kuliko kama angekuwa mkali. Mama Gaudensia alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nje ya ule unyevu alionekana mdogo, ngozi yake imekauka na kupauka.

"Mama Mponda, unatuhumiwa kuandika idadi ambayo haipo. Unasemaje?"

"Nilihesabu kama kitabu kinavyosema, mheshimiwa. Sauti, mara mbili. Kila jioni."

"Kitabu kinasema pia uhakikishe majike kwa macho, kila miezi sita." Mwenyekiti alimsomea sentensi yangu, taratibu, kila neno.

Mama Gaudensia alikunja uso. "Hiyo sijawahi kuiona."

"Haimo kwenye nakala yako?"

"Nakala yangu ilioza, mheshimiwa. Kule kila kitu kinaoza. Lakini nilikijua chote kwa kichwa."

Mwenyekiti alinigeukia. "Mwainishaji. Wewe ndiye mwandishi. Sentensi hii ilikuwepo?"

Wote walinitazama. Ladislaus alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ilikuwepo," nilisema. "Tangu mwanzo."

Nilijiandaa kwa jicho la Mama Gaudensia. Nilijiandaa anilaani, anitaje kwa jina mbele ya ukumbi, aseme huyu mtoto niliyempikia ugali ni mwongo. Aligeuka akanitazama kweli, kwa muda, midomo yake ikisogea kama mtu anayepitia sala iliyomponyoka katikati. Kisha uso wake ukalegea.

"Basi nilisahau," alimwambia mwenyekiti. "Kama Eme anasema ilikuwepo, ilikuwepo. Yeye hakosei mambo ya kitabu. Ni mimi. Uzee huu."

Mwenyekiti aliandika. Akasoma majina matatu: ndege wa mianzi, samaki wa Mnyera, mti wa mlimani. Kila jina lilipotajwa Mama Gaudensia aliinamisha kichwa, na lilipofika la tatu akasema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini na kufunika mdomo. Miaka tisa. Kwa mapafu yale.

Walimtoa kwa mlango wa pembeni, na mimi, sijui nilitaka nini, nikatoka nikasimama njiani. Askari aliyemshika mkono alisita kunipisha. Mama Gaudensia alinisogelea haraka haraka, kama mtu anayeogopa gari litamwacha.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Nimekuaibisha."

Nikamrekebishia kitenge begani.

"Sikiliza, sina muda. Walionileta sikuwaambia vizuri. Bomba la chini ya ngazi, mdomo wake unaziba kila siku ya pili. Mwambie huyo mliyemweka azibue kwa sindano, asitumie waya, waya unaupanua halafu matone yanakuwa makubwa, yanawaumiza wale wadogo. Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama."

"Kwa sindano."

"Kwa sindano."

Akanishukuru.